Kufilisika si kufilisiwa

Mpwa wangu anapenda raga, na si hii ya wachezaji 15 tunayoijua hapa Kenya, bali ile ya 13 inayochezwa kaskazini mwa Uingereza. Juzi tukiwa mezani akaniambia, "Mjomba, Bradford Bulls walifilisika mara tatu ndani ya miaka mitano, na msimu wa 2026 wamerudi Super League, ligi kuu yao. Kumbe kufilisika si kitu." Nikaacha kula. Neno hilo nalisikia hivyo redioni, nalisoma hivyo magazetini, na sasa limeingia nyumbani kwangu.

Maana yake ni fupi. Kufilisika ni kufika mahali ambapo madeni yamefika siku ya kulipwa nawe huna cha kulipia, au ukikusanya mali yako yote haitoshi kuyafuta. Ni hali. Nani anashika funguo baada ya hapo, na kwa kusudi gani, ni mambo mengine kabisa, na yana majina yake.

Asili ya neno ni Kiarabu, na ndugu yake tunaye kinywani kila siku: fulusi. Fals ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, ya thamani ya chini, na jina lenyewe Waarabu walilipokea kutoka kwa Warumi, waliokuwa na sarafu ya shaba waliyoiita follis. Dirhamu ilikuwa fedha, dinari ilikuwa dhahabu. Wanaisimu wa Kiarabu wa zamani walieleza kitenzi aflasa kwa njia mbili: mtu ambaye dirhamu zake zimegeuka fulusi tupu, au mtu aliyefika hali ya kuambiwa hana hata falsi moja. Aliye katika hali hiyo ni muflis, nasi tukamwita mufilisi. Wengi wetu tumeisikia msikitini ile hadithi ambayo Mtume aliwauliza masahaba kama wanajua mufilisi ni nani, nao wakajibu kwamba kwao ni asiye na dirhamu wala mali. Wakataja alivyo, hawakutaja aliyemfanya hivyo.

Mafakihi nao walitenganisha. Iflasi ni hali ya mtu. Taflisi ni tendo la kadhi: kumtangaza mtu huyo hadharani, kumzuia asiiguse mali yake, kisha kuiuza na kuwagawia wanaomdai. Mtu aweza kuwa katika iflasi miaka mingi, anakopa huku na kulipa kule, bila kadhi yeyote kumfanyia taflisi.

Kiswahili kiliupokea utengano huo na kikautia katika vitenzi vyake. Kikombe kimevunjika si sawa na kikombe kimevunjwa. Katika la kwanza tunaona vipande tu, katika la pili kuna mkono wa mtu. Vivyo hivyo kufilisika na kufilisiwa. Anayefilisi ni mfilisi, yaani mtu aliyeteuliwa kuuza mali na kugawa kinachopatikana. Anayefilisika ni mufilisi. Ukiiangusha hiyo u moja, umemwita mgonjwa daktari. Hili linaniuma hasa kwa kuwa si suala la kukosa msamiati. Lugha ilishatufanyia kazi, nasi tunairudisha nyuma.

Turudi Bradford. Mwaka 2012 klabu ile ilikuwa na jina kubwa bado. Ilikuwa bingwa wa Super League mwaka 1997, 2001, 2003 na 2005, na mara tatu ikatwaa taji la dunia la vilabu. Uwanja wake, Odsal, ni bakuli kubwa lililotengenezwa katika shimo la machimbo lililokuwa likijazwa taka za mji, na mwaka 1954 fainali ya marudiano ya Challenge Cup, kombe la raga hiyo, iliingiza humo watu 102,569 kwa hesabu rasmi. Lakini Machi 2012 viongozi walisimama wakasema wanahitaji pauni milioni moja, na nusu yake upesi sana. Mashabiki wakachanga hiyo nusu milioni. Haikutosha. Juni klabu ikawekwa chini ya msimamizi.

Hapo ndipo watu waliposema "imefilisika" na kufunga mjadala. Hali ya kufilisika ilikuwapo kabla ya hapo, tangu siku walipoanza kuomba michango. Kilichotokea Juni ni hatua ya kisheria yenye kusudi lake. Kwa sheria ya Uingereza, msimamizi akiingia madai husimama. Mdai hawezi kushtaki wala kuchukua mali bila ruhusa. Kazi ya kwanza ya msimamizi ni kujaribu kuiokoa kampuni iendelee na shughuli zake. Hilo likishindikana, awapatie wadai zaidi ya ambacho wangepata kama kampuni ingefungwa na kuuzwa moja kwa moja. Na hilo nalo likishindikana, auze mali ili walau waliokopesha kwa dhamana walipwe.

Kwa hiyo timu iliendelea kucheza. Watumishi kadhaa waliachishwa kazi, kocha Mick Potter akiwemo, naye akaendelea kuifundisha timu bila mshahara. Hebu mfikirie mtu huyo asubuhi ile: barua ya kuachishwa iko mfukoni, na mazoezi yako palepale. Klabu ilikatwa pointi 6, kisha ikapata mnunuzi. Januari 2014 msimamizi akaingia tena, pointi 6 zikakatwa tena, na mwaka huo ikashuka daraja. Novemba 2016 akaingia mara ya tatu.

Safari hiyo ya tatu haikupatikana ofa ya kuiokoa, na Januari 2017 kampuni ikafilisiwa. Mikataba ikakatika na wachezaji wakabaki bila mwajiri. Shirikisho likaruhusu kampuni mpya ianze katika daraja la pili ikiwa na pointi 12 pungufu ya sifuri, na mwisho wa msimu ikashuka tena. Mwenye kusema "walifilisika mara tatu" ameifanya Januari ile ifanane na Juni 2012. Kwa aliyekuwa na mkataba, siku hizo mbili hazikufanana hata kidogo. Mwaka 2012 alikuwa na mechi wiki inayofuata. Mwaka 2017 alikuwa mdai, akisubiri pamoja na wadai wengine kuona kama kutabaki chochote.

Na mchezo huu ulizaliwa kwa ajili ya mishahara. Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield vikajitenga na chama cha raga cha Uingereza, kwa sababu wachezaji wao walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, na Jumamosi ya kucheza ilikuwa Jumamosi ya kukosa ujira. Vilabu vilitaka kuwafidia, chama kikakataa. Mchezaji wa raga ya 13 anapokosa mshahara, kinachovunjwa ni ahadi iliyouanzisha mchezo wenyewe. Ndiyo maana sipendi jambo lake lielezwe kwa neno lililokosewa.

Kufilisiwa nimekuona kwa macho. Ami yangu alikuwa na duka la vitambaa Mombasa. Kwa miaka miwili hivi alikuwa amefilisika na sisi watoto hatukujua, duka likifunguliwa kila asubuhi, chai ikiletwa, wateja wakipimiwa. Siku madalali walipokuja na karatasi ya mahakama ndipo tulipojua. Mmoja alikuwa akiandika: majora ya vitambaa, meza, cherehani, kabati la kioo. Akafika kwenye ubao wa kupimia, ule wa yadi moja uliokuwa umelainika kwa mikono ya ami na ya babake kabla yake, akaugeuza, akauandika nao. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa kufilisika. Asubuhi ile ilikuwa kufilisiwa, na ami hakuwahi kuzichanganya maishani mwake.

Kwa mfano wa karibu zaidi, nani hakuwa mteja wa supamaketi za Nakumatt? Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, kwa utaratibu ulioletwa Kenya na Sheria ya Ufilisi ya 2015. Matawi yaliyobaki yaliendelea kuuza unga na sabuni. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe, na hapo ndipo ufilisi ulipoanza. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka miwili ya watu kujaribu kuokoa kitu, na neno moja haliwezi kuzimeza zote. Tusimchanganye msimamizi na meneja mrasimu pia, yule tuliyemsikia kwenye kampuni ya sukari ya Mumias mwaka 2019. Mrasimu huletwa na mkopeshaji mwenye dhamana, na mzigo wake wa kwanza ni kumrudishia huyo pesa zake. Msimamizi anatakiwa awaangalie wadai wote.

Bado lipo jambo moja ambalo mpwa wangu alilishika vizuri bila kujua. Bulls wapo. Jina lipo, rangi zipo, Odsal ipo. Kilichofilisiwa ni kampuni, na kampuni haina babu aliyeshika mkono wa mjukuu kwenda naye uwanjani. Klabu ni kile watu wanachokifuata. Kampuni ni chombo cha kuajiri, kukopa na kudaiwa. Chombo kilivunjwa, watu wakakiundia kingine, na ikawachukua miaka tisa kutoka kwenye zile pointi 12 pungufu hadi kurudi Super League.

Basi nilimwambia hivi: sema Bradford iliwekwa chini ya msimamizi mara tatu, na mara ya tatu kampuni yake ikafilisiwa. Akairudia polepole, akaniuliza, "Na wale wachezaji wa 2017, mjomba, walilipwa?" Hilo ndilo swali la kumuuliza mfilisi.