Tangi la matumbawe ni lipi hasa?

Kwa mara ya tatu ndani ya miezi michache nimeoneshwa tangi la kioo lenye samaki wawili wa rangi ya machungwa na marundo ya matumbawe meupe yaliyokauka, nikaambiwa kwa fahari kwamba hilo ni tangi la matumbawe. Samaki walikuwa na afya na maji yalikuwa safi, lakini jina halikuwa lake. Tangi la matumbawe ni chombo cha maji ya chumvi ambamo matumbawe yenyewe yanaishi, yanakula na kukua, na samaki wakiwemo ni wageni tu wa nyumba hiyo. Lenye samaki wa baharini na mifupa ya matumbawe ni tangi la samaki wa baharini, na hakuna aibu yoyote kuliita hivyo.

Mchanganyiko huu umeanzia kwenye neno. Pwani yetu imelijua tumbawe kwa muda mrefu kama jiwe. Waashi wa zamani walitofautisha jiwe gumu lililochimbwa nchi kavu, ambalo ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, na tumbawe lililokatwa bichi kutoka baharini, jepesi na laini kiasi cha kuchongeka, ambalo hukakamaa likishakauka hewani. La kwanza lilijengewa kuta. La pili lilichongwa vibla na nakshi, kama maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mengine yalichomwa tanurini yakawa chokaa. Kwa hiyo anayesikia "matumbawe" akafikiri jiwe anafuata mazoea ya karne nyingi, nami simlaumu kwa hilo.

Wapo pia wanaoyaita marijani, na hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zaidi. Marijani tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako linatajwa sambamba na lulu katika Sura ya Ar-Rahman, na kwa Kiswahili limebaki kuwa kito: shanga nyekundu ya shingoni. Marijani nyekundu mashuhuri ya masonara hutoka Bahari ya Mediterania, huota penye mwanga hafifu, na haijengi miamba kama ile tunayoiona Mafia au Watamu. Kuyaita marijani matumbawe yanayohitaji taa kali kila siku ni kuchanganya ndugu wawili wasiokaa nyumba moja.

Kosa la tatu ni kusema kwamba matumbawe ni mimea ya baharini. Kosa hili liliwahi kuwa elimu rasmi: mwaka 1706 mwanasayansi wa Kiitalia, Luigi Marsigli, aliona vijiua vyeupe vikichanua kwenye marijani iliyowekwa majini, akaamini kwamba amethibitisha kuwa ni mmea. Jean-André Peyssonnel, tabibu wa Marseille, alichunguza marijani hai katika pwani ya Afrika Kaskazini miaka ya 1720, akaona kwamba vile "viua" ni wanyama wenye mikono midogo, lakini wakubwa wa sayansi wa Paris hawakumkubalia kwa miaka mingi. Hata lugha yetu haisaidii, kwa maana imeyaacha matumbawe katika ngeli ya vitu: tunasema yanakula, hatusemi wanakula. Lakini zima taa, ngoja nusu saa, kisha usogeze chembe ya uduvi kwenye kipande kilicho hai. Mikono iliyojikunjua gizani itainasa chembe hiyo, na baada ya dakika chache utaiona ikiingizwa mdomoni. Ndani ya ngozi ya mnyama huyo huishi mwani wa chembe moja unaotumia mwanga kumtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake, na chini ya ngozi ndipo lilipo jiwe, mfupa wa kabonati ya kalsiamu anaoujenga mwenyewe.

Tofauti hii ndiyo inayoamua namna ya kuanzisha tangi. Maji huchanganywa na chumvi maalumu ya akwaria, takriban gramu 35 kwa kila lita, na joto hushikiliwa karibu na nyuzi 25 au 26. Maji yanayopungua kwa mvuke hufidiwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Kisha huwekwa mawe yenye vitundu vingi. Haya ndiyo huitwa mawe hai, ingawa hakuna jiwe lililo hai: walio hai ni bakteria waliojaa vitunduni, ambao hugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa viumbe na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na sumu kali. Kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa, pengine zaidi, na kabla amonia na nitriti hazijashuka hadi sufuri, kutia matumbawe ndani ni kuyaua.

Mwenye tangi niliyemtembelea mwisho aliniambia kwamba kila baada ya wiki mbili huyatoa matumbawe yake na kuyasugua kwa dawa ya kung'arishia nguo ili yabaki meupe, kisha akaniuliza yatakua lini. Nilimjibu kwa upole kwamba yale hayatakua tena, kwa sababu waliokuwa wakiyajenga walikwisha kufa, lakini hayakosi kazi: aache kuyasugua, ayavumilie yakigeuka kahawia na kijani, na bakteria watahamia humo. Vipimo vya amonia na nitriti vikikaa sufuri kwa wiki kadhaa, anunue kipande kimoja kidogo cha matumbawe laini, yaani aina isiyojijengea jiwe, kutoka kwa mtu anayeyakuza tangini, asikitafute ufukweni wala hifadhini. Siku kipande hicho kitakapojifungua chini ya taa yake, aniite tena, nami nitaliita tangi lake la matumbawe bila kusita.