Je, wajua kwanini spika ileile inalia vizuri barazani halafu ukiiingiza ndani inavurugika?

Mjomba wangu alipostaafu alijenga nyumba Nyegezi, Mwanza, upande wa mlimani kule kwenye mawe, na kwenye ramani akachora chumba kimoja ambacho si cha kulala wala si stoo, ni cha kukaa na kusikiliza muziki tu. Watu walishangaa ila mimi nilimwelewa kabisa, maana nimekua namwona anakaa na redio yake kama mtu aliyetembelewa na mgeni, haongei, hagusi simu. Akanunua spika mbili ndefu zinazomfika kifuani, hela amedunduliza miaka, na jioni zilipofika rangi ya chumba ilikuwa haijakauka kwahiyo zikafunguliwa barazani. Jamani. Solo unaisikia kule, ridhimu huku, besi inatembea kati yao taratibu, na mwimbaji kasimama palepale katikati kabisa, unahisi ukinyoosha mkono utamgusa.

Wiki iliyofuata zikaingia chumbani. Asubuhi simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, hebu njoo, hizi spika zimeharibika."

Nikaenda. Besi ilikuwa inavuma noti moja tu, zingine hazipo, mwimbaji yuko kama ndani ya tanki la maji, na matoazi yanakata masikio mpaka unataka kupunguza sauti. Lakini spika zilikuwa nzima kabisa. Kilichobadilika ni kwamba barazani alikuwa anasikiliza spika, na humu ndani akawa anasikiliza spika pamoja na kuta nne, sakafu na dari, vyote vinalia kwa pamoja na vyote vimechelewa kidogo.

Ukiwa nje sauti inatoka kwenye spika, sehemu ndogo inapita masikioni mwako, iliyobaki inaondoka zake kuelekea ziwani na hairudi tena. Ndani haina pa kwenda. Kwenye joto la nyuzi 25 sauti inakwenda karibu mita 346 kwa sekunde, na chumba cha mjomba ni mita 4 kwa 5, dari iko juu mita 3, ukipiga hesabu unakuta kwa sekunde moja tu sauti inagonga ukuta, dari au sakafu zaidi ya mara 130. Sasa plasta ya sementi iliyopigwa rangi, na marumaru ya chini, kila ikigongwa inameza kama asilimia 2 tu ya nguvu ya sauti, asilimia 98 inarudishwa chumbani. Piga kofi moja kwenye chumba kipya kabla hujaingiza vitu utasikia "prrrr" fulani hivi ya kama bati, hiyo ni sauti inarushwa ukuta mpaka ukuta kama mpira wa watoto. Mjomba alipiga kofi, akanyamaza, akapiga tena, akaniangalia. Hapo ndo tukaanza kuelewana.

Mtu wa kwanza kuliweka hili jambo kwenye hesabu alikuwa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa atafute dawa ya ukumbi mmoja wa mihadhara pale chuoni, ukumbi mpya mzuri wa kutazama lakini mhadhiri akisema neno linabaki hewani zaidi ya sekunde 5, yani neno la kwanza halijafa mengine kumi yameshalifuata, hakuna anayeelewa kitu. Sabine akawa anakwenda usiku wa manane mji ukiwa umetulia, ana bomba la kinanda na saa ya kupimia, anapuliza, anakata, anahesabu sekunde mpaka masikio yasisikie tena. Alafu anaingiza mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anapima upya, anaongeza mito, anapima tena. Alikuwa makini kiasi kwamba aligundua hata nguo alizovaa zinameza sauti, akawa anavaa nguo zilezile kila anapopima. Mwisho akapata kanuni ambayo mafundi wa sauti wanaitumia mpaka leo: zidisha 0.161 kwa ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wote uliomo ndani (yani eneo la kila kitu mara kiasi cha sauti kinachomeza), jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kufifia mpaka ibaki sehemu moja ya milioni ya nguvu yake. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 kwa hesabu zake, bado unatajwa kati ya kumbi nzuri zaidi duniani kwa muziki.

Kitu ninachokipenda zaidi kwa Sabine ni kipimo alichochagua. Alipotaka kusema kitu fulani kinameza sauti kiasi gani alikilinganisha na dirisha lililo wazi, kwasababu sauti ikipita dirishani imekwenda moja kwa moja. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi ndo ikawa kizio chake. Sisi watu wa huku tunaofungua madirisha mchana kutwa upepo wa ziwa uingie tumekuwa tunafanya kazi hiyo bila kujua, na ndo maana nyumba za zamani zenye madirisha makubwa na mapazia muziki wake ulikuwa mtamu, wakati sebule mpya yenye vioo vya kuslaidi vimefungwa, marumaru mpaka ukutani na kochi moja la ngozi inapiga kelele hata watu wawili wakiongea tu.

Tukarudi kwenye chumba cha mjomba. Ujazo mita za ujazo 60, kuta, dari na sakafu jumla mita za mraba 94, tukisema vyote vinameza asilimia 2, kanuni inatoa karibu sekunde 5 (kiuhalisia mlango, vioo na miili yetu vinapunguza, ila umeona hali). Kwa chumba cha kusikilizia cha ukubwa huo unataka sekunde 0.4 hivi. Ili ufike hapo unahitaji ufyonzaji sawa na mita za mraba 24 za dirisha wazi, yani ni kama kubomoa ukuta mrefu mmoja wote na zaidi ya nusu ya ule wa pili. Mjomba akaniuliza sasa tunabomoa? Hatubomoi, tunaweka vitu vinavyofanya kazi ya dirisha.

Na hapa Kanda ya Ziwa tumebarikiwa, maana kitu chenyewe kinaota shambani. Sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania inalimwa huku kwetu, Simiyu, Shinyanga, Mwanza na majirani. Sauti ni hewa inayotikisika, ikiingia kwenye pamba ile hewa inalazimika kujipenyeza katikati ya nyuzi nyingi mno, inasuguana nazo, nguvu yake inageuka kuwa joto dogo sana usiloweza kulihisi. Ndo kazi hiyohiyo inayofanywa na sufi ya mawe na sufi ya kioo (nyuzi laini za mawe au kioo kilichoyeyushwa) kwenye studio za Ulaya. Tukachukua pamba nyuzi, ile iliyokwisha kuchambuliwa, sio pamba mbegu, tukatengeneza fremu za mbao urefu sentimita 120, upana 60, unene 10, tukajaza, mbele tukavisha khanga. Kitambaa unakipima hivi: kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita na sauti itapita. Khanga ilipita vizuri, kitenge kizito cha nta kikagoma, na mapazia ya plastiki plastiki usiyaguse kabisa. Nisisitize moto: pamba inashika moto haraka, zile pamba za kuziba kuta zinazotengenezwa viwandani huwa zinatiwa chumvi za boroni kwanza ili zisishike moto haraka, kwahiyo usiweke fremu karibu na soketi, waya wala mshumaa, na weka chandarua laini ndani panya wasihamie.

Fremu zinakaa wapi? Sehemu za kwanza ni pale sauti inapogonga ukuta mara moja tu kabla ya kukufikia. Mjomba akakaa kwenye kiti chake, binamu akachukua kioo cha shangazi akawa anakitembeza ukutani taratibu, mjomba akiona spika ndani ya kioo anasema "hapo", tunachora chaki. Ukuta wa kushoto, wa kulia, na darini pia. Mwanga na sauti vinaruka kwa pembe zilezile ndo maana kioo kinafanya kazi. Ile sauti iliyoruka inachelewa milisekunde chache tu, ubongo wako hausikii mwangwi bali unaichanganya na ile ya kwanza, jambo ambalo Helmut Haas wa Ujerumani alilipima mwaka 1949, na mchanganyiko huo ndo unaomfanya mwimbaji awe mnene, asiwe na mahali pa kusimama. Fremu tukazitenga na ukuta sentimita 10, hewa ya nyuma inazisaidia kumeza sauti za chini zaidi.

Mnaobandika trei za mayai ukutani ili zimeze sauti, naomba mnisikilize kwa upendo. Ile ni karatasi nyembamba, inagusa kidogo tu sauti za juu, besi haijui hata kama kuna trei, na moto wake ni balaa. Sponji nyembamba ya sentimita 3 nayo ni vilevile, unamaliza ung'aavu wote wa muziki unabaki na mngurumo. Mawimbi ya sauti ya hezi 1000 (yani inayotikisika mara 1000 kwa sekunde) yana urefu wa sentimita 35 hivi, ya hezi 50 yana karibu mita 7, sasa mita 7 zinahangaika nini na kitu cha unene wa vidole viwili?

Besi ndo ugonjwa mkubwa wa vyumba vyetu. Wimbi likiwa na urefu mara mbili ya chumba linakaa humo, linajibana ukuta kwa ukuta, linavimba. Chumba cha mjomba kwa urefu wa mita 5 kinavimba kwenye hezi 35, kwa upana wa mita 4 hezi 43, kwa kimo hezi 58, na ile 43 inaangukia noti za chini kabisa za gitaa la besi, ndo ile noti moja iliyokuwa inamkera. Wenye chumba cha mraba wana shida zaidi, vile vya kupanga vya futi 10 kwa 10 na dari futi 10 vyote vitatu vinavimba palepale hezi 57 hivi. Ukipata nafasi ya kujenga, epuka mraba.

Nikafungua programu ya simu inayotoa mlio mmoja, nikaiunganisha, nikaweka hezi 35. Nikamwambia mjomba atembee kutoka ukuta wa nyuma kuja mbele. Ukutani mngurumo ulimjaa mpaka tumboni, akawa anakuja, anakuja, alipofika katikati ya chumba akasimama. "Imezima." Nikamwambia haijazima mjomba, rudi nyuma hatua mbili. Akarudi, besi hii hapa. Akaenda mbele, imepotea. Alifanya hivyo kama mara sita, mzee wa watu, mkono kifuani, na kiti chake alikuwa amekiweka palepale katikati kwa vipimo vya futi. Tukakisogeza mpaka mita 1.9 kutoka ukuta wa nyuma. Spika nazo zilikuwa zimegandana na ukuta, tukazivuta mbele mpaka tukapata pembetatu, spika mbili na kichwa chake, pande zote sawa. Hapo lazima ujaribu kidogo kidogo, spika ikiwa mita 1 kutoka ukutani sauti ya nyuma inarudi na kuikata ile ya mbele kwenye hezi 86 hivi, ukisogeza spika hilo shimo la sauti linahama, unatafuta linapoumiza kidogo. Alafu kona nne tukajaza magunia ya pamba, sakafuni mpaka darini, maana kila wimbi la besi linafika konani kwa nguvu. Kuna spika za Marekani, Klipschorn, za tangu miaka ya 1940, zilitengenezwa makusudi zikae konani ili kuta zenyewe ziwe sehemu ya spika, mtengenezaji aliijua hiyo nguvu akaitumia.

Ukuta wa nyuma tuliuacha. Nyumba yake imeegemea mwamba, na fundi aliujenga ukuta ule kwa mawe ya palepale yasiyochongwa, mengine yametokeza shubiri nzima, mengine yameingia. Miaka ya 1970 mwanafizikia Manfred Schroeder alionyesha jinsi ukuta wenye mashimo ya kina tofauti unavyotawanya sauti kila upande badala ya kuirudisha kama kioo, chumba kinabaki hai bila makelele. Mawe yale hayana hesabu za Schroeder lakini yanatawanya, na sikutaka kuyafunika kwa pamba.

Jumamosi tuliyomaliza alipiga kofi moja, likafa palepale. Akaweka muziki, akakaa. Nilimwona anainamisha kichwa, akasema kidole, nasikia kidole kinateleza kwenye waya wa gitaa, akarudisha nyuma akasikia tena. Kama saa kumi ikashuka mvua toka ziwani, na bati letu pamba haiwezi kulinyamazisha, maana kuzuia kelele isiingie kunataka uzito, dari nzito iliyotengana na paa, sio ulaini. Mjomba akazima amplifaya, akafungua dirisha, tukakaa tunasubiri ipite.