Mwangaza katika picha za maua zinazopigwa kwa karibu: dhana na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kamera ya kisasa ikiachiwa ijipangie yenyewe hujua kiasi cha mwanga kinacholifaa ua. Haijui. Kipima mwanga chake huchukulia kwamba kinachotazamwa kina wastani wa kijivu. Kwa hiyo asumini nyeupe ikijaza fremu nzima, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na ua likatoka na rangi ya majivu. Ajabu kwa wanaoanza ni kwamba ua jeupe huhitaji kuongezewa mwanga, mara nyingi kati ya stopu 1 na 1.7 (stopu ni kipimo cha mwanga, na kila stopu moja huuzidisha maradufu au kuupunguza kwa nusu), huku lile la zambarau iliyokoza likihitaji kupunguziwa. Hata hivyo, kushika kanuni hiyo kwa kichwa hakutoshi, kwa sababu asumini hiyohiyo ikiwa ndogo mbele ya majani yenye kivuli, kamera hufuata giza la majani na kuziunguza petali kwa mwanga mwingi, na hapo ni lazima kupunguza.

Wengine huamini kwamba histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia giza upande wa kushoto hadi weupe upande wa kulia, isipogusa ukingo wa kulia, petali zimesalimika. Waridi jekundu ndilo linalowaumbua. Histogramu ya jumla huipa rangi ya kijani uzito mkubwa, kwa kawaida takriban 59%, na nyekundu 30% tu, hivyo nyekundu inaweza kuwa imefurika kabisa huku mchoro ukionekana mtulivu. Matokeo yake ni ua lisilo na mishipa wala mikunjo, kana kwamba limepakwa rangi ya mlango. Tazama histogramu za rangi tatu kila moja peke yake, kisha punguza mwanga hadi nyekundu irudi ndani ya mipaka. Binafsi niko radhi majani ya nyuma yazame gizani kuliko kuipoteza mahameli ya petali.

Ipo pia imani kwamba f/8 ni f/8 popote pale. Namba ya f hupima upana wa tundu la lenzi, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Lenzi ya kawaida ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) inapofikia ukubwa wa 1:1, yaani taswira kwenye kihisi cha kamera ikiwa sawa na ua lenyewe, f/8 hufanya kazi kama takriban f/16, na mwanga unaofika ni robo tu, sawa na upungufu wa stopu 2. Kipima mwanga cha ndani ya kamera hulifidia hilo chenyewe. Anayetumia kipimo cha mkononi, au flashi aliyoipanga kwa mkono, ndiye anayepaswa kuongeza. Kwa sababu hiyohiyo, kuliziba tundu la lenzi hadi f/22 ili ua lote lionekane kwa ukali huishia kinyume, kwani mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika na picha nzima ikapoteza ukali.

Kuhusu ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hofu kwamba kuipandisha huleta chembechembe imezidi kipimo. Kupiga picha yenye giza na kuiangaza baadaye kwenye kompyuta hakuziondoi chembechembe, na pengine huzizidisha, ilhali ua lililotikiswa na upepo kwa sababu shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ilikuwa ya polepole halina tiba.

Mwisho ni jua la mchana, ambalo wengi hujaribu kulituliza kwa kupunguza mwanga wa picha. Kupunguza huko hushusha petali na vivuli kwa pamoja, na tofauti kali iliyopo baina yao hubaki palepale. Kinachoipunguza ni kitambaa chepesi cheupe kinachoshikiliwa kati ya jua na ua. Nacho hula mwanga, kwa hiyo kipimo kichukuliwe upya baada ya kukiweka.