Je, wajua kwa nini kichwa hutulia ukishaandika?

Mwenye duka Ngamiani, Tanga, anafunga saa mbili usiku. Kichwani ana ada ya mtoto, mzigo wa unga ambao haujafika, deni la jirani na luku inayokaribia kuisha. Akijilaza, yote yanamzunguka. Anaamka, anafungua daftari la madeni ukurasa wa nyuma, anaandika. Hajalipa hata shilingi, lakini anapumua. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ufinyu wa nafasi. Mambo tunayoyafikiria kwa wakati huohuo hushikiliwa na kumbukumbu ya muda mfupi, nayo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 1956 George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alikadiria kuwa inabeba vitu 7, viwili zaidi au pungufu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akaishusha hadi 4 hivi. Ila "kitu" hapa ni fungu: mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja huhesabiwa kama kimoja. Sikiliza mtu akitaja namba ya simu sokoni Mgandini: hamimini tarakimu zote 10 kwa mkupuo, anazikata tatutatu, anangoja uitikie "ehee", ndipo anaendelea. Na barabara za Ngamiani, kwa kuwa zimepewa namba, humsaidia hata mgeni: akiambiwa ya 12 anajua imekaa kati ya 11 na 13. Mpangilio umeshamkumbukia.

Sababu ya pili naiona nzito zaidi. Jambo lisilokamilika halikai kimya. Mwaka 2011 wanasaikolojia Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba watu wenye shughuli iliyobaki kiporo waliingiliwa na mawazo yake hata wakiwa wanasoma kitu kingine. Waliopewa nafasi ya kupanga wataimaliza vipi, usumbufu ule ulitoweka, ingawa shughuli yenyewe ilikuwa bado. Kwa hiyo kuandika "ada" tupu hakusaidii sana. "Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua duka, nipite benki nilipe ada" ndiyo dawa.

Tena daftari, si simu. Simu ukiishika usiku utajikuta kwenye magrupu.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwapa vijana 57 dakika 5 za kuandika kabla ya kulala, wengine mambo waliyokwisha kuyafanya, wengine yanayowasubiri. Walioandika yanayowasubiri walisinzia mapema kuliko wenzao kwa takriban dakika 9, na kadiri orodha ilivyotaja mambo kwa undani zaidi, ndivyo usingizi ulivyowahi.