Je, wajua kwa nini amoksilini inaonekana "imetibu" flu wakati haijafanya kitu?

Mwezi wa sita na wa saba kabaridi kakianza, ingia duka la dawa lolote Dar au Arusha ukae kidogo tu, utasikia mtu anaomba "nipe amoksilini, flu imenibana". Anapewa zile kapsuli za rangi mbili, anameza, anapona, na mwakani akiumwa anarudi palepale maana si ilimsaidia? Haikumsaidia bana, flu ingeisha tu yenyewe.

Iko hivi. Flu inaletwa na kirusi cha influenza, wakati amoksilini ni antibiotiki, yaani dawa ya bakteria, kazi yake ni kumzuia bakteria asijenge ule ukuta wake wa nje, akikosa ukuta anapasuka na kufa. Kirusi hakina ukuta huo, na hata kuzaliana hakiwezi chenyewe, kinaingia ndani ya seli za koo na njia ya hewa kinazitumikisha zikitengenezee wenzake. Kwa hiyo dawa haina cha kushika, inaishia kusumbua bakteria wazuri wa tumboni ndo maana wengine wanaharisha. Halafu angalia kalenda: kwa mtu asiye na tatizo lingine homa ya flu inakuwa kali siku 3 au 4 hivi kisha inashuka kwa sababu kinga ya mwili ishajipanga, na wengi wetu tunaenda kununua dawa siku ya pili au ya tatu tukiona mambo yamezidi. Yaani unaanza kumeza pale ugonjwa unapokaribia kugeuka, sifa zote zinaenda kwa kapsuli. Kikohozi na uchovu vinaweza kuendelea hata wiki mbili, usishtuke.

Sasa utajuaje ni flu na sio mafua ya kawaida? Mafua yanakuja taratibu, leo chafya, kesho koo, na kazini unaenda. Flu inakuangusha, asubuhi mzima jioni uko kitandani na homa, kichwa, viungo na mgongo vinauma, unatetemeka, hata chai huitaki. Kwetu huku hapo ndo penye mtego maana ukimweleza jirani dalili hizo atakwambia malaria hiyo, kachukue mseto. Kikohozi kikavu na koo kuuma vinaelekeza kwenye flu ila usibahatishe, kapime, kile kipimo cha kutoboa kidole majibu yake ni chini ya nusu saa na malaria ikipuuzwa inaua. Kikisema hakuna malaria, basi mseto wa "just in case" nao achana nao.

Tiba yenyewe haina mbwembwe: paracetamol kwa dozi iliyoandikwa, maji, uji, supu, kulala. Mtoto usimpe aspirini kabisa, ikikutana na flu inaweza kumletea ugonjwa hatari wa ini na ubongo. Tangawizi na asali vinatuliza koo (asali sio kwa mtoto chini ya mwaka 1). Kujifukiza kunafungua pua ila hakuui kirusi, na beseni la maji ya moto karibu na watoto mimi siafiki. Dawa ya kirusi chenyewe ipo, inaitwa oseltamivir, inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 na anaamua daktari, hasa kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee, wenye pumu, kisukari au VVU.

Kuna wakati antibiotiki inahitajika kweli. Flu inaacha mapafu yamechubuka, bakteria wanapata upenyo, nimonia inaingia. Ishara yake ni ulishapata nafuu halafu homa inarudi kwa nguvu, kifua kinauma, pumzi inakata. Hapo nenda hospitali, usipitie duka la dawa. Mtoto akipumua haraka haraka, mbavu zikibonyea, midomo ikiwa ya bluu au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi.

Kuhusu kujikinga, shida ni kwamba mtu anaambukiza tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, kwa hiyo kumkwepa anayekohoa tu haitoshi: nawa mikono, kohoa kwenye kiwiko, na daladala ikiwa imefungwa vioo vyote fungua chako hata kama watanuna. Chanjo ipo pia. Inatakiwa kila mwaka kwa sababu kirusi hiki kinajinakili kwa makosa makosa hadi kinga ya mwaka jana haikitambui vizuri, ndo maana Shirika la Afya Duniani linapitia upya mchanganyiko wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini. Ya sindano haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kukupa flu, mkono utauma na labda homa kidogo. Kinga inachukua kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo kama unaenda Hija au sehemu yoyote yenye msongamano, usichome siku ya safari.