Kisa cha jukwaani kisicho na maneno: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Andika tamthilia ya kawaida, kisha ondoa mazungumzo.

Wengi huanza hivyo, na haichukui muda hadhira inaanza kunong'onezana: "Yule ni nani wake?" Maneno hubeba mambo ambayo mwili hauyawezi: majina, ukoo, jana, mwaka ujao. George Balanchine, mtunzi wa baleti (dansi ya jukwaani inayosimulia bila maneno), alikuwa akisema kwamba kwenye baleti hakuna mama mkwe. Wapenzi utawatambua kwa wanavyoshikana. Mama mkwe utamwonyeshaje? Msuko uchaguliwe tangu mwanzo kwa yale yanayoonekana yakitendeka.

Tazama Giselle, baleti iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841. Albrecht ni bwana mkubwa anayejifanya mwanakijiji ili ampate msichana, Giselle. Kwa maneno, siri hiyo ingekula ukurasa mzima. Hapa imekabidhiwa upanga. Kwanza Albrecht anauvua na kuuficha kibandani, nasi tunaona. Baadaye anagombana na Hilarion, mpinzani wake, na mkono unamkimbilia kiunoni. Upanga haupo, lakini mazoea yamemsaliti, na Hilarion amelidaka hilo. Anaingia kibandani, anautoa, analinganisha nembo yake na ile iliyo kwenye pembe ya wakubwa waliopita kijijini wakiwinda. Mwishowe anauanika mbele ya kijiji kizima, anapuliza pembe, na wakubwa wanarudi. Miongoni mwao yumo mchumba halisi wa Albrecht. Siri, shaka, ushahidi, fedheha: kipande kimoja cha chuma kimevibeba vyote.

Dhana: Palipo pagumu, ishara za mikono zitaeleza.

Ishara hufaa pale tu hadhira inapozijua. Katika kisa hichohicho Berthe, mama yake Giselle, anasimulia kwa mikono habari za Wili, mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya ndoa. Maonyesho mengi hukifupisha kipande hicho au hukikata kabisa, na sehemu ya pili bado inasimama: kaburi la Giselle tunaliona, na wale wenye mavazi meupe tunawaona wakimchezesha Hilarion mpaka nguvu zinamwisha. (Mimi ningekibakiza. Hofu ya mama inaonekana hata kwa asiyeelewa ishara.)

Dhana: Muziki ni pambo.

Hapana. Ndio unaoweza kuileta ile jana iliyoushinda mwili. Giselle anaporukwa na akili baada ya siri kufichuka, Adolphe Adam, mtunzi wa muziki wa baleti hiyo, anaurudisha muziki wa pale msichana alipokuwa akichuma petali za ua kuuliza kama anapendwa.

Dhana: Karatasi ya programu itafafanua.

Jean-Georges Noverre, mtunzi wa baleti wa Ufaransa, alilikataa hili mwaka 1760: baleti ambayo kisa chake hakieleweki bila programu, kwake ilikuwa kiburudisho tu. Mwite mazoezini mtu asiyekijua kisa, halafu akusimulie alichoona. Akikosea jina la mhusika, si kitu. Akishindwa kujua nani anamdanganya nani, tengeneza tukio lenyewe, karatasi iache.