Si Kila Kijani ni Msitu: Namna ya Kupima Ardhi na Manufaa Yake Pemba

Ukiitazama Pemba kutoka juu, karibu yote ni kijani. Mikarafuu, minazi, miembe, mihogo chini ya migomba, msitu wa Ngezi, mikoko ya ghubani: picha ya satelaiti huvichanganya kwa urahisi. Lakini kila kijani kina kazi yake. Mkarafuu hushika udongo wa kilima na kumpa mtu kipato. Mkoko huvunja nguvu ya mawimbi na kulea samaki wachanga, kazi isiyofanywa na mnazi uliosimama hatua chache nyuma yake. Wataalamu huziita kazi hizi huduma za mfumo ikolojia, na ramani ikikosea aina ya ardhi, hesabu yote ya huduma hukosea nayo.

Chukua picha za Landsat, satelaiti za Marekani. Mraba wake mmoja, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, una mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Shamba la eka tatu, kama yale yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, lina mita za mraba 12,140 hivi: miraba 13 na nusu tu. Ndani ya mraba mmoja mnaweza kuwa na minazi miwili, nyumba, matuta ya mihogo na uwanja, na kompyuta huvipa vyote jina moja. Picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, zilizoanza kupatikana 2015, zina mraba wa mita 10, kwa hiyo shamba lile lile hupata miraba 121. Anayetaka kulinganisha na miaka ya 1980, hata hivyo, hana budi kurudi kwenye Landsat.

Msimu nao hudanganya. Masika mawingu hufunika kisiwa, ndiyo maana picha za Januari na Februari hupendwa zaidi. Muhimu ni kulinganisha mwezi kwa mwezi. Pori la maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, upande wa Micheweni hupukutisha majani kiangazi. Ukiweka picha ya Februari ya mwaka mmoja kando ya picha ya Juni ya mwaka mwingine, utaona msitu umekua ambao haukukua. Kwa mikoko, angalia na saa ya maji: bahari ikiwa imejaa picha inapopigwa, miche mifupi huhesabiwa kuwa maji.

Kosa linaloumiza zaidi watu wa maweni ni jingine. Mkulima hufyeka, hulima misimu michache, kisha huuacha uwanda upumzike hadi pori lirudi. Picha mbili tu zitaandika hapo "msitu umekatwa". Zinahitajika picha za miaka mingi, na kumuuliza mwenye jembe.

Kisha ni kutembea. Kila aina ya ardhi ihakikiwe kwa vituo visivyopungua 50, vichaguliwe kwa bahati nasibu, na visiwe vile vilivyotumika kama mifano ya kuifundisha kompyuta kutambua aina za ardhi. Wengi huchukua vituo kandokando ya barabara kwa kuwa ni rahisi kufika. Matokeo yake ramani huwa sahihi barabarani na mbovu porini.

Ramani ikishasimama ndipo huduma zenyewe hupimwa. Mvua ya milimita 50 kwenye eka tatu ni lita 607,000 hivi. Chini ya miti, sehemu kubwa huzama ardhini na kulisha visima. Juu ya saruji na mabati hukimbilia mtaroni na baharini. Kwenye maweni maji hupita haraka katika nyufa za mawe bila kuchujwa vya kutosha, hivyo karo la choo karibu na kisima huko ni hatari kubwa. Na udongo je? Milimita 1 tu ikiondoka kwenye eka moja ya kilima ni mita za ujazo 4, uzito wa tani 5 hivi, na hushuka kuziba mifereji ya bonde la mpunga la mtu mwingine. Mikoko ikikatwa mdomoni mwa bonde hilo, maji chumvi huingia kutoka upande wa pili.

Kwa kuni na mazao ya pwani, usiulize "kwa mwaka mnapata kiasi gani?" Pima mzigo kwa mizani, uliza wiki hii, rudi masika na kiangazi. Waulize wanawake mbali na wanaume, kwa sababu wao ndio wachanjao kuni na kuokota chaza, na ni wao wanaosahauliwa. Samaki waliolelewa mikokoni wasihesabiwe mara mbili, mikokoni na tena baharini.

Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, inaziruhusu jamii kuingia makubaliano ya kusimamia misitu yao. Kamati ya shehia, eneo dogo la utawala Zanzibar, inapoletewa ramani, iombe tarehe na saa ya kila picha, pamoja na jedwali la makosa linaloonyesha ni mikarafuu kiasi gani iliyoitwa msitu. Pasipo jedwali hilo, mpaka wa msitu usichorwe.